Masomo ya muziki kwa watoto Lamu: maswali ya wazazi kuhusu kumpata mwalimu na kuelewana naye

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa mji wa Lamu, Shela, Matondoni na vijiji vya jirani ambao wangependa mtoto wao afundishwe udi, fidla, kinanda, ngoma au uimbaji. Mimi ni mzazi ambaye watoto wake wawili wamepitia kwa walimu watatu tofauti, na kwa miaka kadhaa sasa wazazi wenzangu wamekuwa wakinijia na maswali yale yale, mengi yakiwa hayahusu muziki wenyewe bali namna ya kukubaliana na mwalimu na kuzungumza naye bila kukwazana.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Kuimba na kupiga makofi kwa mapigo sawasawa kunaweza kuanza hata kwa mtoto wa miaka minne, na kwa kweli watoto wetu wengi huwa wameshaanza bila ya sisi kutambua, kwa sababu husikia kasida chuoni (yaani madrasa), maulidi misikitini na vigoma vya harusi mitaani. Kwa ala inayohitaji vidole kukaza nyuzi, miaka saba au minane ndiyo nafuu. Umri wenyewe si kigezo kikubwa kuliko uwezo wa kukaa na kusikiliza kwa dakika ishirini. Ukiona mtoto bado hawezi, subiri mwaka mmoja, wala hutakuwa umechelewa.

Tumchagulie ala gani?

Kama mtoto mwenyewe ana ala anayoililia, mpe hiyo. Mtoto anayetaka dumbaki akapewa kinanda kwa sababu baba yake alikuwa na kinanda kabatini atapiga kwa miezi miwili kisha ataacha, na mwalimu hatakuwa na la kufanya.

Udi ni ala iliyokaa Lamu kwa muda mrefu, na marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi aliyejulikana pwani yote, alikuwa mwana wa mji huu. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake, na hauna vigawanyo shingoni, kwa hiyo mtoto huongozwa na sikio lake kujua kidole kikae wapi. Hilo ni gumu mwanzoni na ni neema baadaye. Tatizo la udi ni ukubwa wa tumbo lake: mtoto mdogo hulazimika kuukumbatia hadi bega likapanda juu, na bega likishazoea kupanda ni kazi kubwa kulishusha. Muulize mwalimu kama anao udi mdogo wa kuazimisha kabla hujanunua wa mtu mzima.

Fidla ina nafuu moja ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni kwamba hutengenezwa kwa vipimo vya watoto: robo, nusu, robo tatu na kamili. Kipimo hujulikana kwa mtoto kunyoosha mkono wa kushoto na kulaza fidla juu yake. Kichwa cha fidla kikifika kiganjani na vidole vikakizunguka bila kuvutwa, inamfaa. Usinunue kubwa kwa kusema atakua, kama tunavyofanya kwa kanzu za Idi. Kanzu ndefu hukunjwa pindo, lakini fidla haikunjwi.

Kinanda cha umeme humpa mtoto sauti safi tangu siku ya kwanza, na hilo humtia moyo. Lakini mzazi anayetaka mwanawe apige taarabu ajue jambo hili mapema: maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama rast, bayati na sika zina noti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili, na kinanda cha kawaida hakina noti hizo. Vipo vinanda vyenye mpangilio wa kushusha noti kwa robo toni, kwa hiyo uliza dukani kabla ya kutoa pesa, au bora zaidi, nenda na mwalimu.

Familia yetu haikubali ala za nyuzi. Je, mtoto anaweza kufundishwa muziki?

Anaweza kufundishwa mengi. Kasida na maulidi zina walimu wake, na matari yanayopigwa katika maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ambayo huujaza mji kila Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), yanahitaji mafunzo ya mkono na mapigo yasiyopungua yale ya ala nyingine yoyote. Mtoto aliyefundishwa kushika pigo moja huku mwenzake akishika pigo jingine, wala asivutwe, amepata msingi mkubwa. Lililo muhimu ni kumweleza mwalimu msimamo wa nyumba yenu siku ya kwanza, kwa heshima na bila kuanzisha mjadala. Mwalimu mwenye busara ataupokea na kupanga masomo ndani ya mipaka hiyo, lakini akija kuugundua mwezi wa tatu, baada ya kumshikisha mtoto udi, atahisi amefedheheshwa, na ninyi mtahisi hivyo hivyo.

Walimu hupatikana wapi?

Lamu haina chuo cha muziki chenye mlango na kibao. Walimu wetu ni wapigaji wa harusi, walimu wa shule wanaofundisha kwaya, walimu wa kasida, na mara chache mgeni aliyehamia Shela ambaye anajua piano au gitaa. Njia bora ni kusikiliza. Ukienda harusini ukasikia kinanda kinapigwa kwa utulivu, muulize mwenye shughuli jina la mpigaji. Ukipita barazani Mkunguni, waulize wazee nani anafundisha watoto na nani ana hasira. Wazee hawa watakwambia ukweli usioandikwa popote.

Kupiga vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili mbalimbali. Kabla ya kukubali, omba kukaa kimya katika somo la mtoto mwingine kwa robo saa. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea mara ya tatu pahali pale pale. Mwalimu niliyempenda kuliko wote alifunika uso wa udi kwa kiganja, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mtoto, "Niimbie kwanza," na mtoto alipoimba alilisikia kosa lake mwenyewe.

Wanaotaka kuendelea mbali zaidi watakapokua wana pa kwenda: Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, na Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimefundisha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na taarabu.

Ujumbe wa kwanza kwa mwalimu uandikweje?

Uwe mfupi, wenye salamu kamili na habari zote anazohitaji ili asilazimike kukuuliza mara sita. Mfano:

"Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minane, tunakaa Mkomani. Anapenda udi na ameshajaribu ule wa mjomba wake. Hutoka chuoni saa kumi na moja jioni, na Jumamosi asubuhi yuko nyumbani. Ningependa kujua kama una nafasi, unafundishia wapi, somo ni la muda gani na ada yako ni kiasi gani. Ukipata wasaa, naomba nikupigie."

Baada ya hapo mpigie, au mwende kumwona. Mwalimu akiwa mtu mzima kuliko wewe, kwenda mwenyewe na mtoto, mtoto akamwamkia na kumbusu mkono, kunafungua mlango ambao ujumbe wa simu hauwezi kuufungua.

Masomo yapangwe saa ngapi?

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu siku ya mtoto wa Lamu ina shule asubuhi, chuo baada ya alasiri, na magharibi huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Ukihesabu chakula na njia, jioni hubaki nafasi ndogo sana. Wazazi wengi huishia Jumamosi au Jumapili asubuhi, na mimi naona asubuhi ni bora kuliko jioni kwa hali yoyote, kwani sikio la mtoto huwa halijachoka. Usimwombe mwalimu wa muziki saa inayogongana na chuo kwa matumaini kwamba ustadhi hatagundua. Zungumza na pande zote mbili.

Kubalianeni tangu mwanzo kuhusu Ramadhani, wiki ya Maulidi, sikukuu za Idi na likizo za shule. Nyumba nyingi husimamisha masomo mwezi mzima wa Ramadhani, na mwalimu anayetegemea ada hizo ana haki ya kulijua hilo miezi miwili kabla, wala si usiku wa kuandama mwezi.

Ada hulipwaje, na somo likikosekana inakuwaje?

Kuna wanaotoza kwa somo na wanaotoza kwa mwezi wa masomo manne. Malipo ya mwezi humpa mwalimu uhakika na humfanya mzazi asiruhusu somo kupotea ovyo. Tuma kwa M-Pesa, hata kama mwalimu ni jirani, kwa sababu ule ujumbe wa kuthibitisha malipo ni risiti ya ninyi nyote wawili.

Kuhusu somo lililokosekana, kanuni inayofanya kazi ni hii: mwalimu asipofika, somo hurudishwa, mzazi akitoa taarifa siku moja kabla, somo huhamishwa, mzazi asipotoa taarifa, somo hulipwa. Andikeni hayo mkubaliane. Kwa mfano, ada ikiwa shilingi 2,000 kwa masomo manne, somo moja ni shilingi 500, na kila mmoja anajua kilichopotea ni kiasi gani bila kuanza kuhesabiana.

Sishauri kulipa zaidi ya mwezi mmoja mbele. Niliwahi kulipa miezi mitatu kwa mwalimu mmoja aliyesema anahitaji kununua nyuzi mpya. Baada ya wiki mbili akasafiri kwa kazi, na ingawa naamini hakukusudia ubaya, fedha ile sikurudishiwa hadi leo. Mwanangu alikaa na udi mapajani Jumamosi mbili akimngojea mlangoni.

Je, niwepo wakati wa somo?

Ndiyo, au awepo mtu mzima mwingine wa nyumbani. Somo lifanyike sebuleni au dakani, yaani kibarazani mlangoni, mlango ukiwa wazi, wala si chumba cha ndani wala ghorofa asikofika mtu. Kanuni hii haimtuhumu mwalimu yeyote. Humlinda mtoto, na humlinda mwalimu na maneno ya watu. Mwalimu mwema huifurahia, na anayeikataa usiendelee naye. Unaweza pia kumwomba cheti cha tabia njema cha polisi. Ujumbe wa simu kati ya mwalimu na mtoto upitie kwenye simu ya mzazi. Ukiwa na wasiwasi wowote kuhusu usalama wa mtoto, hapa Kenya nambari 116 ni ya kupiga bila malipo kwa masuala ya watoto.

Njia gani ya mawasiliano ni bora kati yangu na mwalimu?

Nitalijibu swali hili kwa urefu, maana ndilo lililowavunja wengi. Sauti ya simu inafaa kwa jambo zito, ujumbe wa maandishi kwa saa na siku, na ujumbe wa sauti kwa jambo la muziki wenyewe, kwa sababu mwalimu anaweza kupiga kile kipande na mtoto akakisikiliza mara kumi. Lakini njia yoyote mtakayoichagua, mtoto asifanywe tarishi.

Niliwahi kumwambia binti yangu, "Mwambie Mwalimu wiki ijayo hatupo, tunakwenda harusini Mombasa." Alikuwa na miaka tisa. Alipoketi mbele ya mwalimu aliona haya kumkatiza, somo likaisha, na neno lake likabaki mdomoni. Wiki iliyofuata mwalimu yule alivuka kutoka Shela kwa boti, wakati wa kusi, bahari imechafuka, na udi wake ameufunga kwa mfuko wa plastiki usipate rasha za maji. Alikaa kwenye daka letu karibu saa nzima. Majirani ndio walioniambia. Yeye hakusema kitu, ila majibu yake kwenye simu yalianza kuwa ya neno moja moja, nami kwa siku nyingi sikujua kwa nini. Nilipojua nilikwenda kwake mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya mtoto na nikamlipa somo lile pamoja na nauli ya boti. Tangu siku hiyo habari zote za saa, pesa na malalamiko huzisema mimi, na mtoto hubeba udi wake tu.

Vivyo hivyo kwa upande wa mwalimu. Akimwambia mtoto, "Mwambie mamako ada imechelewa," mpigie siku hiyo hiyo, mlipe, kisha umwombe kwa upole akueleze wewe moja kwa moja siku nyingine. Mtoto anayebeba deni la wazazi wake huingia darasani kichwa kimeinama.

Nitajuaje kama mtoto anaendelea?

Mnunulie daftari dogo la kurasa 48 liwe la muziki peke yake. Mwisho wa kila somo mwalimu huandika mistari miwili: tulichofanya, na cha kufanyia mazoezi. Katika daftari la mwanangu bado upo ukurasa ambapo mwalimu ameandika, "Kidole cha pete kinalala. Pole pole, mara tano, usikimbie." Maneno hayo yalinisaidia kuliko ripoti yoyote, kwa kuwa nami, nisiyejua noti hata moja, nilijua la kutazama: kidole cha pete. Mwalimu asiyependa kuandika mwombe aseme kwa ujumbe wa sauti, wewe uandike.

Mara moja kila miezi mitatu, ombeni dakika kumi za kuzungumza bila mtoto kuwepo. Muulize ameona nini, si ameshindwa nini.

Sijui muziki. Nitamsaidiaje na mazoezi nyumbani?

Kaa naye. Dakika kumi kila siku humfaa mtoto kuliko saa nzima ya Ijumaa usiku kabla ya somo, na mtoto mdogo hafanyi mazoezi peke yake hata akiahidi. Kaa ukichagua mchele au ukishona kofia, mwambie arudie kile kipande kilichoandikwa daftarini, na usimsahihishe noti. Kusahihisha noti ni kazi ya mwalimu.

Mtoto amesema hataki tena. Tufanyeje?

Kwanza mweleze mwalimu kabla hamjaamua, kwa sababu mara nyingi sababu ni ndogo na inatibika: wimbo mgumu mno, kidole kinachouma, mwenzake aliyemcheka. Mwambie ukweli kama ulivyo, "Mwalimu, mtoto amekata tamaa tangu tulipoanza wimbo huu," naye huenda akabadilisha wimbo na mambo yakaisha. Mtoto akiendelea kukataa kwa mwezi mzima, mpumzisheni.

Kwa nini ala hupoteza sauti yake kila mara?

Hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu, hivyo mbao hufura, gundi hulegea na nyuzi za chuma hushika kutu. Funika ala ndani ya mfuko wake, usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe wakati wa masika, usiiache juani wala chini ya feni, na baada ya kupiga pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Nunua nyuzi za akiba pamoja na ala, maana uzi ukikatika hapa unaweza kungoja basi kutoka Mombasa kwa siku kadhaa. Mtoto asikaze vigingi peke yake mpaka mwalimu aseme yuko tayari.

Masomo kwa njia ya simu ya video yanafaa?

Yanafaa kama nyongeza, hasa mwalimu akisafiri. Sauti huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo mwalimu na mtoto hawawezi kupiga pamoja. Mmoja hupiga, mwenziwe hujibu. Tena programu nyingi za simu huchuja sauti zisizo za usemi zikidhani ni kelele, ndiyo maana udi hufifia katikati ya noti ndefu. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuzima uchujaji huo. Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza sishauri, kwani mwalimu hawezi kuushika mkono wake akaulegeza.

Je, kuna mitihani au mashindano?

Shule hushiriki Tamasha la Muziki la Kenya, kuanzia ngazi za chini hadi taifa, kwa hiyo zungumza na mwalimu wa shuleni pia. Kwa piano na fidla ipo mitihani ya ABRSM ya Uingereza yenye madaraja manane, na anayetaka kufanya la sita na kuendelea hutakiwa kwanza kufaulu daraja la tano la nadharia au mtihani mbadala unaokubaliwa. Udi na taarabu havimo humo. Usimpeleke mtoto mtihanini kwa sababu mtoto wa jirani amekwenda.

Tunataka kubadilisha mwalimu. Tumwambieje?

Mwambieni mapema, ana kwa ana au kwa simu, na mwezi wa mwisho ulipwe wote. Si lazima kutoa sababu ndefu, inatosha kusema, "Mwalimu, tumeshukuru sana kwa ulichomfundisha, na kuanzia mwezi ujao tutampeleka kwingine." Mji wetu ni mdogo, na mtamkuta Usita wa Mui, njia kuu ya mji, asubuhi yake. Mwalimu mpya aelezwe mtoto amefika wapi, na apewe lile daftari alisome. Mtoto naye apelekwe kumuaga mwalimu wa kwanza na kumrudishia kila alichoazimwa, hata kama ni kile kipande cha kupigia nyuzi peke yake.